"Nimekosea kutuma, naomba unirudishie"

Pole ndugu. Ujumbe wa "umepokea 85,000" ukifuatiwa na simu ya mtu anayelia kwamba pesa ni ya mgonjwa, usirudishe hata shilingi. Kwanza tazama juu ya ujumbe: wa kweli wa M-Pesa ya Vodacom Tanzania huja kwa jina la huduma, wa tapeli mara nyingi hutoka namba ya kawaida. Salio lililoandikwa humo usiliamini kabisa. Kata simu, piga *150*00# uangalie lako mwenyewe. Anakung'ang'ania usikate kwa sababu ukiwa hewani huangalii.

Na kama pesa imeingia kweli? Hapo ndipo wengi wanaumia. Unairudisha kwa mkono, tena kwenye namba nyingine aliyokupa, kisha yeye anaomba mtandao urudishe muamala wa kwanza. Unakatwa mara mbili. Mwambie apige huduma kwa wateja, nawe usiitumie mpaka wamalize.

Namba ya siri usimtajie mtu yeyote, hata anayejiita wakala mkuu. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli. Ukishamtumia tapeli pesa tayari, piga 100, huduma kwa wateja ya Vodacom, dakika hiyohiyo, kabla hajaitoa.