Maswali ya Wasomaji: Tairi la Akiba Lililogoma Kushuka

SWALI: Ndugu Mhariri wa safu hii, mimi ni msomaji wenu wa Moshi na ninamiliki Hilux ya kabini mbili, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Desemba iliyopita, nilipokuwa nikirudi nyumbani kutoka Arusha pamoja na familia, gari likiwa na magunia ya mchele na mizigo ya sikukuu, tairi la nyuma lilipata pancha tulipokaribia njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Tairi la akiba lilikuwepo chini ya bodi, lakini kufuli nililokuwa nimelifunga kuzuia wezi lilikuwa limeliwa na kutu, na tulipofanikiwa kulikata kwa msumeno wa kuazima, winchi nayo ikakataa kuzunguka. Giza lilitukuta papo hapo. Fundi aliyetuokoa amenishauri nilihamishie tairi hilo juu, kwenye bodi. Mke wangu anasema tatizo si mahali lilipo, ni mimi. Tairi lenyewe halijagusa lami tangu ninunue gari. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Ndugu msomaji, pamoja na heshima zote kwa fundi wako, katika shauri hili naona mama watoto ameshinda. Ukilihamishia tairi kwenye bodi, litakuwa la kwanza kufunikwa na magunia yale yale ya mchele, nawe utalazimika kushusha mzigo wote kando ya barabara kuu kabla hujaligusa. Chini ya gari ni mahali pazuri, ilimradi pawe panafunguka.

Winchi hiyo ni kifaa cha kawaida sana: kuna kingoma kidogo kilichofungwa kwenye chasisi, na kutoka humo hushuka waya au mnyororo unaopita katikati ya rimu na kuishia kwenye kisahani cha chuma kinacholibeba tairi. Kinachokifanya kigome, mara nyingi, ni kukaa miaka bila kuzungushwa, huku tope la masika likiingia ndani ya kingoma na kukauka. Kwa hiyo, kila unapopeleka gari kubadilishwa oili, lishushe tairi mpaka lilale chini na waya ulegee, usugue kutu kwa brashi ya waya, upake grisi kwenye waya na sehemu zinazozunguka, kisha ulipandishe. Ukimaliza kulipandisha, lisukume kwa mkono. Likicheza, endelea kukaza, kwa sababu tairi linaloning'inia hupigwa na kila tuta hadi waya ukatike.

Naomba kazi hiyo uifanye wewe mwenyewe, kwa vifaa vilivyomo ndani ya gari lako, wala si kwa vya gereji. Fimbo ya kuzungushia winchi, ambayo huwa ni vipande vya chuma vinavyounganishwa, pamoja na jeki na spana ya magurudumu, katika kabini mbili hukaa kwenye eneo la kiti cha nyuma. Katika gari lililonunuliwa likiwa limetumika, si ajabu ukakuta kipande kimoja hakipo, na bila hicho fimbo haiufikii mdomo wa winchi kupitia tundu la nyuma karibu na bampa. Upungufu huo ni heri uugundue uani kwako.

Kuhusu wezi, sikulaumu kwa kufunga kufuli. Tumia lenye kifuniko cha mpira, lipake grisi, lifungue kila mwezi, na ufunguo wake ukae pamoja na ufunguo wa gari. Hata hivyo, mwambie fundi asirushe oili chafu ovyo anapopaka chini ya gari, kwa maana oili hudhuru mpira, na tairi la akiba ndilo linalodondokewa.

Sasa nije kwenye neno lako kwamba tairi halijagusa lami. Kwangu mimi hiyo si sifa. Mpira huzeeka hata ukiwa umetulia. Tafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT, na mwishoni mwa mfululizo wake utaona tarakimu nne; ikiwa ni 0813, tairi limetengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2013. Likiwa limepita miaka 10, liondoe hata kama kashata zake zote zimesimama, na kuanzia mwaka wa 6 lichunguzwe nyufa kila mwaka. Upepo nao hupungua wenyewe kidogo kidogo kila mwezi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa tairi la akiba, kijaze kile cha gari lenye mzigo, kwa kuwa kupunguza upepo njiani ni rahisi kuliko kuongeza.

Jambo moja hukuliuliza. Kama umebadilisha rimu ukaweka za sporti huku tairi la akiba likibaki na rimu ya chuma, jaribu nati zako kwenye rimu hiyo leo. Nyingine hazikai vizuri kwenye matundu yake, na gurudumu huanza kulegea ukiwa barabarani.

Siku ya pancha yenyewe, gari likiwa limelala upande mmoja kwa uzito wa mizigo, huenda tairi lisipate nafasi ya kutoka chini. Legeza nati kwanza magurudumu yakiwa bado ardhini, inua gari kwa jeki iliyowekwa juu ya kipande cha ubao, kisha livute tairi kwa fimbo au kwa mkono, mwili wako ukiwa nje. Usitambae chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Baada ya kilomita 50 hivi, simama ukaze nati tena.

SWALI: Mimi ni mama ninayeishi Sakina, Arusha. Gari langu dogo lina tairi la akiba jembamba, na nimelitumia wiki mbili sasa kwenda kazini Usa River. Je, kuna ubaya?

JIBU: Upo, mama yangu. Tairi hilo ni la kukufikisha kwa mziba pancha. Kwa kawaida limeandikwa ubavuni kasi isiyozidi kilomita 80 kwa saa na upepo wa PSI 60, ambao ni karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Mjazaji asiyejua huliwekea 30, nalo hubonyea. Breki zake pia ni dhaifu zaidi, hasa kwenye lami yenye maji pale Tengeru. Ziba tairi lako kubwa leo, na hilo jembamba lirudi kwenye buti likiwa na PSI zake 60.