Mafuta ya uso mazito kama ute: usichanganye na shubiri

Dada yangu wa Malindi, nimekuelewa: ulichanganya mafuta ya nazi na ute wa shubiri ukitarajia mafuta mazito ya kupaka usoni, na baada ya siku tatu maji yamejitenga na harufu imeharibika. Mkono wako hauna kosa. Maji na mafuta hayashikani bila kitu cha kuyaunganisha, na penye maji pasipo kihifadhi vijidudu huzaliana upesi, hasa kwa joto letu la pwani.

Acha maji kabisa, na ute wa shubiri pia, maana nao una maji mengi. Hapa Lamu mimi hutumia gramu 94 za mafuta ya simsim na gramu 6 za nta safi ya nyuki, kwa kuwa mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi na mchana hayatakaa mazito. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke yote, kisha epua na ukoroge polepole hadi yapoe, kwani yakiachwa yapoe yenyewe hufanya chembechembe zinazokwaruza kidole. Kabla ya kuepua, dondosha tone kwenye sahani baridi: likitiririka, ongeza gramu moja ya nta, likiwa gumu, ongeza mafuta.

Mafuta ya ganda la ndimu usitie, maana ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua huweza kuungua. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa saa 48, na ukiona malengelenge au uvimbe, au ikiwa tayari una chunusi zenye usaha, mwone daktari wa ngozi kabla hujapaka usoni.