Kupanga mji wa wakati ujao kwa dadu: maelekezo kwa wasimuliaji wapya

Kwa wenzangu mnaoanza kusimamia michezo ya kuigiza ya mezani, ambamo kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini na msimuliaji hueleza kinachotokea, na hasa mliochagua kuuweka mchezo wenu katika Unguja ya miaka mia moja au mia mbili ijayo, napenda kueleza kwa kirefu kidogo kazi ambayo wengi huifanya haraka haraka, nayo ni kutengeneza majedwali ya nasibu, yaani orodha zenye nambari ambazo dadu huchagua jibu lake, ya kuwapatia wachezaji mahali pa kwenda pale wanapokata kona ambayo msimuliaji hakuitarajia. Kila kikao kina wakati wa namna hiyo. Mchezaji anasema kwamba mhusika wake anawakimbia askari, ameingia kichochoro cha kwanza alichokiona na ameusukuma mlango wa tatu, na wote waliozunguka meza wanamtazama msimuliaji wakingojea kuambiwa nyuma ya mlango ule kuna nini.

Majedwali mengi ya wanaoanza huwa ni orodha ya mambo ya kuvutia: hospitali inayoendeshwa na roboti, duka la macho ya bandia, klabu ya muziki iliyo chini ya ardhi, kiwanda cha nyama isiyotokana na mnyama. Kila kimoja peke yake ni kizuri. Kasoro huonekana baada ya vikao viwili vitatu, kwa sababu hospitali ile haina wagonjwa wanaotoka mtaa wowote unaojulikana, kiwanda hakijulikani kinapata wapi maji, na mji mzima unakuwa mkusanyiko wa vyumba visivyojuana. Rai yangu, ambayo maelekezo yote yanayofuata yanaisimamia, ni kwamba dadu isipewe kuamua jambo lenye sababu zake. Ipewe lile ambalo sababu zimeliacha wazi.

Kwa hiyo, kabla ya dadu hushikwa kalamu. Amueni wenyewe, bila kurusha chochote, mji unapata wapi umeme, maji ya kunywa na chakula, na watu na mizigo huingilia wapi. Sisi wa visiwani tunayo mifano iliyo karibu. Unguja ilianza kupata umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, na waya mwingine uliongezwa mwaka 2013. Baina ya miaka hiyo, mwaka 2008, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa tena gizani takriban miezi mitatu. Anayezikumbuka siku zile anajua kwamba umeme ulipokosekana na maji yalipungua, kwa kuwa pampu zilisimama. Jenereta zikanguruma milangoni mwa maduka, na madumu yakajipanga penye visima. Pemba nayo iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010. Msimuliaji akishaamua kwamba katika mwaka wa mchezo wake umeme wa Unguja unaingia kwa nyaya ngapi na nani anazimiliki, tayari anajua nani ana nguvu katika mji, mtaa gani utazimwa kwanza, na biashara gani itastawi gizani. Dadu haikuhitajika.

Bahari nayo iamuliwe kwa kalamu. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, yaani mitaa ya upande wa pili wa mji, zamani palikuwa na mkono wa bahari, ambao baadaye ulifukiwa na kujengwa. Ikiwa mchezo wenu unachukulia kwamba bahari imepanda, basi ardhi ile ya chini ni miongoni mwa sehemu za mwanzo ambazo maji yatazirejea wakati wa bamvua, yaani maji makuu, na hapo mnapata mtaa ambao biashara zake hufungwa na kufunguliwa kwa kufuata mwezi. Chukueni ramani ya mji mnaoujua, pakeni rangi sehemu za chini, na mtaona kwamba nusu ya kazi imekwisha.

Sasa dadu. Anayeanza hana haja ya dadu za maumbo ya ajabu. Mbili za pande sita, zinazopatikana ndani ya boksi lolote la ludo, zinatosha, ila ni lazima ajue zinavyofanya kazi. Ukirusha dadu mbili na kujumlisha, kuna njia 36 za kuanguka, na jumla ya 7 ina njia sita wakati 2 na 12 zina njia moja moja tu. Maana yake ni kwamba katikati ya jedwali pawekwe mambo ya kawaida, kama makaazi, migahawa na maduka ya rejareja, na yale ya nadra yawekwe pembeni. Wengi hufanya kinyume, wakajaza maajabu katikati, na mchezo unapofika kikao cha tano maajabu yamekuwa jambo la kila siku. Ukitaka kila jibu liwe na nafasi sawa, soma dadu moja kama makumi na nyingine kama mamoja, kuanzia 11 hadi 66, utapata visanduku 36 vilivyo sawa. Njia hii inafaa majina ya watu na bidhaa, na haifai kupanga mji.

Faida kubwa zaidi ya kujumlisha huonekana pale jedwali linapopangwa kwa ngazi. Tuseme 2 ni jengo lililohamwa, 5 ni karakana, 7 ni makaazi yenye biashara ndogo chini yake, 10 ni ofisi ya kampuni, na 12 ni mahali penye ulinzi wa dola. Jedwali hilo moja litahudumia mji mzima, kwa sababu kila mtaa unapewa nyongeza au punguzo katika jumla ya dadu kulingana na yale mliyokwisha kuyaamua kwa kalamu. Katika mtaa usio na nyongeza, uwezekano wa kupata 10 au zaidi ni 6 kati ya 36. Penye nyongeza ya 2, kama vile karibu na kituo cha umeme, unapanda hadi 15 kati ya 36. Wachezaji hawatauona mfumo huo, lakini baada ya muda watahisi kwamba kuna mitaa ya wakubwa na mitaa ya wadogo, nao wataanza kuchagua njia za kupita.

Hatua inayofuata ni kufunganisha majibu. Mchezo wa Kimarekani uitwao Traveller, uliotoka mwaka 1977, hutumia dadu mbili kutengeneza sayari nzima kwa mtindo huo: ukubwa wa sayari huingia katika hesabu ya hewa yake, wingi wa watu huingia katika hesabu ya aina ya serikali, na serikali huingia katika ukali wa sheria. Mji unaweza kufuata mtindo huo kwa majedwali matatu tu, yaani shughuli ya mahali, anayepashikilia, na jambo linalopasumbua, kila moja likiathiriwa na lililotangulia.

Nitaonyesha kwa mfano mmoja. Wachezaji wamo upande wa Gulioni, na msimuliaji ameshaamua kwamba maji ya bamvua huufikia mtaa huo, kwa hiyo una punguzo la 1. Dadu zimeleta 2 na 4, yaani 6, na baada ya punguzo ni 5: karakana, ambayo tuifanye ya betri. Jedwali la pili, ambalo karakana hulipa punguzo la kulielekeza kwenye vyama vya wafanyakazi, limeleta jumuiya ya wakulima wa mwani. La tatu limeleta deni. Hapo msimuliaji asikimbilie kurusha tena. Aulize kwa nini. Wakulima wa mwani, ambao leo visiwani wengi wao ni wanawake, kwa nini wamiliki karakana ya betri? Kwa sababu katika zama zile mwani hulimwa mbali, kwenye kina, na mashua zao huendeshwa kwa betri. Betri na maji ya chumvi haviwezi kukaa pamoja, basi karakana iko ghorofani, meza zake zimening'inizwa kwa minyororo, na chini pameachwa tupu. Mlango wa tatu alioukimbilia yule mchezaji unafunguka kwenye ngazi za mawe zilizolowa hadi kidato cha tano, na juu inasikika sauti ya mwanamke akihesabu. Deni ni la kampuni yenye waya wa umeme, ambayo mtu wake hupita kila Alkhamisi kuchukua betri mbili hadi deni liishe. Maji yakijaa, hakuna askari atakayeingia bila ya mashua mpaka yapwe. Hayo yote yametokana na kurusha dadu mara tatu na kuuliza sababu mara tatu, na kulifikiria hakuzidi dakika mbili kwa aliyezoea.

Ukishalizoea hilo, ongeza jedwali la nne: kabla ya hapo palikuwa nini. Mji wa wakati ujao unaoonekana kama umejengwa jana hauaminiki, na sisi tunaoishi penye majengo ya kale tuna kila sababu ya kulijua hilo. Beit el Ajaib, jumba la Mji Mkongwe, ilijengwa mwaka 1883 kwa sherehe za Sultani Barghash, ikaja kuwa ofisi za serikali wakati wa Waingereza, ikawa makumbusho, na mwaka 2020 sehemu yake ikaporomoka. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nayo yatakuwa na maisha mengine katika karne ijayo, na ningependa sana kuona msimuliaji kijana akiyaandikia. Karakana yetu ikiwa zamani ilikuwa skuli, ukutani bado pana ubao mweusi, na hesabu za deni zimeandikwa hapo kwa chaki.

Kuhusu majina, msiazime yale ya miji ya kubuni ya kigeni. Mji wetu una mitindo yake iliyo tayari: mti na sifa, kama Mwembe Ladu na Mwembe Tanga, mtu, kama Kwa Alinatuu na Kwa Mtipura, rangi na udongo, kama Kidongo Chekundu. Safu mbili za maneno sita sita, dadu moja kwa kila safu, zitawapa mitaa 36 ambayo mchezaji wa Unguja ataitamka bila kujikwaa.

Mezani, rusheni kidogo. Tayarisheni mahali panne au patano kabla ya kikao, mkiziacha dadu kwa ajili ya dharura tu, kwa kuwa msimuliaji anayekusanya namba huku wenzake wamekaa kimya hupoteza joto la mchezo ambalo si rahisi kulirejesha. Matokeo yaliyokwisha kutumika yafutwe kwenye jedwali siku hiyo hiyo, na katika nambari yake paandikwe kitu kilichozaliwa na yaliyotokea: wachezaji wakiwasaidia wakulima wa mwani kulipa deni, nambari 5 ya upande wa Gulioni iwe karakana ya pili ya jumuiya hiyo, wakiichoma, iwe ghala la kampuni, lenye mlinzi na taa isiyozimwa.