Vidole vya mkono wa kushoto kwenye besi: usilazimishe vinne kwenye freti nne

Karibu kila anayeanza kupiga gitaa la besi amekwisha kuambiwa kanuni moja: kidole kimoja, freti moja (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa). Cha shahada freti ya kwanza, cha kati ya pili, cha pete ya tatu, kidogo ya nne. Anaifuata kwa utiifu, anatanua mkono mpaka kano zinasimama, halafu anashangaa kiganja kinauma na noti zinakwaruza. Baada ya miaka ya kupiga ala hii na kuwaelekeza wengine, ushauri wangu ni huu: mwanzoni mwa shingo, karibu na kichwa cha gitaa, achana na kanuni hiyo.

Chukua rula upime mwenyewe. Kwenye besi nyingi uzi unaotetemeka una urefu wa inchi 34, yaani kama sentimita 86. Kwa urefu huo, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni karibu sentimita 13. Kwenye gitaa la kawaida umbali huo haufiki hata sentimita 10. Lakini ukipanda juu, kuelekea mwili wa gitaa, mambo yanabadilika, kwa sababu freti zinazidi kusogeleana: nafasi iliyo kati ya freti ya 11 na ya 12 ni milimita 26 tu. Kwa hiyo mkono ule ule unaoteseka kwenye freti ya kwanza unakaa bila shida kwenye ya tisa. Kasoro haiko kwenye vidole vyako, hata kama ni vifupi.

Wapiga besi kubwa la kusimama walishapata dawa ya jambo hili zamani. Franz Simandl (1840–1912), aliyefundisha Vienna, ndiye anayehusishwa zaidi na mpangilio huo: cha shahada, cha kati na kidogo ndivyo vinavyobana noti, na cha pete kinashuka pamoja na kidogo ili kukiongezea nguvu. Vidole hivyo vinafunika freti tatu badala ya nne. Ikija noti ya freti ya nne, unahamisha mkono.

Jaribu hivi kwenye uzi wa E, ule mnene kuliko wote. Piga F kwa shahada kwenye freti ya kwanza, kisha G kwa kidole kidogo kwenye ya tatu, cha pete kikiwa kimelala nyuma yake kwenye uzi huo huo. Sasa unataka A flati, freti ya nne. Usinyooshe kidole. Sogeza mkono mzima freti moja, pamoja na kidole gumba, kidole kidogo kitue pale. Gumba ndilo linalowakwamisha wengi: linabaki limeng'ang'ania nyuma ya shingo wakati vidole vimekwenda. Liache litambae na mkono, likielekeana na kidole cha kati, bila kukaba.

Kuanzia freti ya 5 hivi kwenda juu, rudi kwenye kidole kimoja kwa freti moja. Mwenye mkono mpana anaweza kuanza mapema zaidi, na kama mkono wako ni mdogo sana, ziko besi fupi za inchi 30 zinazopunguza umbali huo. Mimi bado napenda besi ndefu kwa jinsi uzi wa E unavyosikika ukiwa umekaza vizuri.

Jambo la pili ni nguvu, na hapa naomba utulie. Weka kidole kwenye uzi wa A, unaofuata ule wa E, nyuma kidogo tu ya chuma cha freti ya tatu, bila kubana. Piga uzi kwa mkono wa kulia: utasikia mlio mfu. Endelea kupiga huku ukiongeza uzito taratibu sana. Mlio utaanza kukwaruza, kisha ghafla C itatoka safi. Simama hapo hapo. Nguvu hiyo inatosha, na watu wengi hushtuka kuona ilivyo ndogo. Sasa rudisha kidole katikati ya nafasi kati ya freti mbili, urudie. Utalazimika kubana zaidi kwa noti ile ile. Ndiyo maana mkono uliotanuliwa kupita kiasi unakwaruza: kidole hakifiki karibu na freti, basi mpigaji anafidia kwa kukaba. Kama hata karibu na freti unatumia nguvu nyingi, huenda nyuzi zimepanda juu mno. Mpe fundi azishushe.

Vidole visivyobana navyo vina kazi. Sehemu ya chini ya shahada iguse kidogo nyuzi nyembamba ili zisilie ovyo. Na ukitaka kumaliza noti, legeza kidole bila kukiondoa kwenye uzi. Uzi unanyamaza papo hapo, nawe unaamua noti iishe kabla ya ngoma au pamoja nayo. Mimi naamini besi nzuri inatambulika hapo, kwenye mwisho wa noti, kuliko kwenye kasi.

Kifundo cha mkono kisikunjwe sana. Inua kichwa cha gitaa kidogo, na ufupishe mkanda mpaka besi ikae kimo kile kile ukiwa umekaa au umesimama. Ukisikia maumivu au ganzi, acha kupiga siku hiyo. Yakirudi, mwone daktari.

Kwa mazoezi, weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mdundo) kwenye midundo 60 kwa dakika, upige F, G, A flati na kurudi, noti moja kwa kila mdundo, kisha uhamie uzi wa A kwa mpangilio huo huo. Noti ikikwaruza, angalia kwanza kidole kiko umbali gani kutoka kwenye freti, kabla hujaongeza nguvu.