Nimeacha vyakula karibu vyote na gesi iko palepale

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Uyole, Mbeya, nina miaka 34, tumbo linanisumbua mwaka wa nane huu. Linajaa gesi mpaka jioni sketi haifungi, mara nakosa choo siku tatu, mara naharisha, na kichwa nacho hakiachi kugonga. Vidonda vya tumbo nimepewa dawa zake mara tatu na sikumbuki kama nilipimwa kweli. Mwezi uliopita kwenye kikoba mwenzangu akaniambia ni vyakula vinanisumbua, niache ngano, maziwa, mayai, nyama, maharage, sukari na matunda. Hii wiki ya tatu nakula wali, kachumbari na parachichi tu. Nimekonda, nasikia kizunguzungu, gesi bado ipo. Niendelee mpaka lini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinune ila hapo kwenye kachumbari nimecheka, yani umelifukuza yai ambalo kwa gesi halina kosa lolote halafu ukabaki na kitunguu kibichi mezani kila siku! Sisi watu wa huku tumbo likijaa tunalaumu maharage, kitunguu hakuna anayekigusa, na kwenye mboga zetu kinaingia asubuhi mpaka usiku. Na parachichi tunavyolila Rungwe na Njombe, zima zima kama mkate, nalo kwa tumbo kama lako linaweza kuleta shida.

Kwa hiyo huo mlo usimamishe leo, rudisha mayai, nyama, samaki, ule ushibe. Halafu kabla ya kuacha kitu kingine chochote nenda hospitali, maana kukonda na kizunguzungu sivipuuzi hata kama naona ni njaa tu. Waambie wakupime wingi wa damu, na choo kwa ajili ya minyoo na wale bakteria wa vidonda vya tumbo. Kama unameza omeprazo waambie mapema, inatakiwa uwe umeiacha kama wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna kumbe unao. Ngano nayo, kama daktari anataka kupima ule ugonjwa wa utumbo unaoletwa na ngano, lazima uwe unaila kila siku kwa wiki kadhaa kabla, ukiiacha kipimo kinaweza kutoka safi na ugonjwa unabaki nao. Ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, au maumivu yanakuamsha usiku, usingoje foleni ya wiki ijayo. Na kale kamashine ka kushika mkononi kanakotoa karatasi ya vyakula ulivyokatazwa, hela yako nunulia kuku.

Vipimo vikitoka safi ndo tunarudi kwenye chakula. Njia yenyewe, ya kuacha vyakula kwa muda kisha kuvirudisha, si ya kikoba, daktari Albert Rowe wa California aliiandika toka miaka ya 1920, na hii ya matumbo ya gesi ilifanyiwa kazi sana Chuo Kikuu cha Monash kule Australia. Walichoona ni kwamba kuna sukari fulani kwenye vyakula ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri, zinateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, ndo gesi yako hiyo. Zimo kwenye kitunguu, kitunguu swaumu, ngano, maharage, na maziwa fresh ambayo watu wazima wengi wa Afrika miili yetu haiyamudu kama tulivyokuwa watoto.

We acha hayo matano na parachichi, wiki nne, basi. Ugali wa sembe unao, mchele wa Kyela, viazi mviringo, ndizi za kupika, karoti, chinese, papai, chungwa, huwezi kufa njaa Uyole. Mboga isiwe ya hospitali: kata kitunguu vipande viwili vikubwa, kaanga kwenye mafuta mpaka kinukie, kisha kitoe chote KABLA hujatia nyanya au maji, kwa sababu ile sukari yake inayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haitoki, utamu unabaki. Pale Mwanjelwa nunua pia majani ya kitunguu, yale ya kijani hayana neno. Viungo vya pakiti soma nyuma, vingi vina unga wa kitunguu swaumu.

Wiki nne zikiisha hakuna nafuu, chakula si mchawi wako, rudi kula kawaida. Kama umepata nafuu, hapa ndo wengi wanaharibu, wanaogopa kurudisha wanaishi na wali miaka. Rudisha kimoja kimoja: maziwa robo kikombe, kesho nusu, keshokutwa kikombe kizima, pumzika siku mbili tatu, ndo uende kwenye kingine. Andika kwenye daftari ulichokula na tumbo lilivyokuwa mpaka asubuhi yake, maana gesi ya leo inaweza kuwa ya jana. Mi mwenyewe hivyo hivyo nikagundua mtindi naumudu, chai ya maziwa ya kwetu Tukuyu ndo inanilaza kifudifudi. Ila chakula kilichowahi kukuvimbisha midomo au kukubana pumzi usikijaribu nyumbani kamwe.

SWALI: Anti, mwanangu ana miaka minne, ngozi inamwasha miaka yote, nimwachishe maziwa na mayai? Mama wa Mafinga.

JIBU: Hapana mama, sio kwa kubahatisha. Huyo bado anakua, na ngozi ya hivyo mara nyingi hata haitokani na chakula. Mpake mafuta mazito akitoka tu kuoga, mwili ukiwa na unyevu bado, sabuni ya harufu weka pembeni, na baridi ya Mafinga hiyo sweta la sufi lisiguse ngozi, mvalishe pamba ndani. Kisha mpeleke kwa daktari wa watoto na kadi yake ya kliniki.