Mteja mmoja, rekodi tatu

Mkuu, kabla ya kuunganisha wateja wa mfumo wa mauzo na wale wa uhasibu, safisha namba za simu kwanza. Namba ileile ikiandikwa kwa 07, kwa 255 na kwa +255, kompyuta inaona watu watatu. Zigeuze zote ziwe tarakimu 12 zinazoanza na 255. Hapo tu utashangaa marudio mangapi yamejitokeza.

Majina usiyaamini sana. Mohamed, Mohammed na Muhammad anaweza kuwa mtu yuleyule, na "Juma Hamisi" wa dukani ndiye "Hamisi Juma" wa kwenye ankara. Kwa kampuni, TIN (namba ya mlipakodi) ya tarakimu 9 inamaliza ubishi. Simu peke yake haitoshi: laini ikikaa bila kutumika huuzwa kwa mtu mwingine, na mama na mwanawe huweza kuandikisha namba moja. Simu ikilingana jina likapishana, mtu aangalie kwa macho.

Rekodi ya zamani usiifute. Ielekeze kwenye rekodi kuu, ile moja unayoibakiza kwa mteja huyo, maana kuna ankara na madeni yanayoitegemea. Anwani chukua za watu wa usafirishaji, hao ndio wanaofika mlangoni.