Tairi lina kashata nzima, lakini lilitengenezwa lini?

SWALI: Fundi, SUV yetu ni ya viti saba na inaendeshwa na magurudumu yote manne. Matairi yake ni 235/60R18 103H. Ya mbele yamekaribia kuwa kipara, ya nyuma yana kashata (meno ya tairi) ya kadiri. Mume wangu anataka tununue mawili mapya tuyafunge mbele. Kuna muuzaji ametuletea matairi manne yaliyotumika, kashata karibu nzima, mapana kidogo kuliko yetu (255/60R18), kwa chini ya nusu ya bei ya mapya, na anasema gari litakaa imara zaidi barabarani. Tunasafiri na watoto watatu, mvua tunakutana nayo sana, na mara mojamoja tunapita penye theluji. Tunataka ya misimu yote. Tuchukue yapi?

JIBU: Dada, nianze na hayo manne ya nusu bei, maana ndiyo yaliyonifanya nilitoe swali lako kwenye rundo la maswali yanayofanana nalo. Umenieleza upana, bei na kashata. Hukunieleza yalitengenezwa lini. Sikulaumu, kwa sababu muuzaji naye hakukwambia, na muuzaji anayesifia kashata mara tatu bila kutaja mwaka huwa ana sababu zake.

Watu wanapima tairi kwa ukucha. Wanauchomeka kwenye mfereji, wakiona umezama wanatikisa kichwa kwa kuridhika na kutoa pesa. Lakini kashata inaonyesha tu mpira umelika kiasi gani. Huo uliobaki una hali gani, hilo ni swali jingine kabisa, na ukucha haulijibu.

Mpira wa tairi huanza kuzeeka tangu unapotoka kiwandani, liwe linatembea au limelala stoo. Oksijeni huuingia na kuufanya mgumu na mkavu, na joto huharakisha kazi hiyo. Tena haushambuliwi kwa nje peke yake. Upepo uliojazwa ndani, kwa kuwa umegandamizwa, hupenya polepole kuelekea nje, na njiani hukutana na mikanda ya waya iliyozikwa chini ya kashata. Mpira unaoishikanisha mikanda hiyo ukishachoka, ikafika siku ya jua kali, gari limejaa watu na mizigo, mwendo wa barabara kuu, kashata yote inaweza kubanduka kwa mkupuo. Na kwa nje huenda usingeona hata ufa mmoja. Viwandani huchanganya nta na dawa za kuukinga mpira, ila nta hiyo hupanda juu tairi linapojikunja na kujikunjua likitembea. Lililolala miaka halipati hata kinga hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "hili lilikuwa spea, halijawahi kugusa lami", hajakusifia kitu. Ni sawa na viatu vipya vilivyosahaulika kabatini miaka mingi: siku unapovivaa ndiyo siku soli inapokatika.

Tarehe ipo ubavuni. Tafuteni maandishi yanayoanza na herufi DOT, kisha tazameni tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, ondokeni. Mara nyingi tarehe huchapwa upande mmoja tu, na tairi likishafungwa upande huo unaweza kuwa unatazama chini ya gari. Akikwambia tairi halina tarehe, mwambie aligeuze.

Watengenezaji wengi wa magari wanashauri tairi litolewe likifikisha miaka 6, hata kama kashata ingalipo. Michelin na Continental wanaweka ukomo wa miaka 10 tangu siku ya kutengenezwa, na spea imo ndani ya hesabu hiyo; Michelin wanataka pia tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka likishatumika miaka 5. Wauzaji wa yaliyotumika wanaipenda sana hiyo 10 na wanaisahau hiyo 6. Mimi kwa gari la familia nashika ya 6. Hata kwenye matairi mapya someni tarehe, kwani neno "jipya" linamaanisha halijatumika tu. La mwaka mmoja lililotunzwa kivulini halina tatizo. Likizidi miwili, naomba jingine.

Kuna mambo mawili hufanywa ili tairi kuukuu lipendeze. La kwanza ni kulipaka dawa nyeusi ing'aayo, ambayo hufunika nyufa ndogo za ubavuni. Ombeni kitambaa chenye sabuni mfute wenyewe, kisha ubonyezeni ubavu kwa nguvu uone kama mpira unapasuka vistari. La pili ni baya zaidi: kuchonga mifereji upya kwa kisu cha moto. Kuna matairi ya malori yaliyotengenezwa makusudi yachongwe na yanaandikwa hivyo ubavuni. Ya magari madogo hayana mpira wa ziada wa kuchongwa, kwa hiyo kinachokatwa ni ule mpira mwembamba uliobaki juu ya waya. Kulitambua si kazi ngumu. Ndani ya mifereji mikuu ya kila tairi kuna vituta vidogo vya alama, na kashata ikilika hadi kulingana navyo, imebaki milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha chini kisheria katika nchi nyingi. Ukiona vituta vimekatwa, au mfereji umechimbwa chini kuliko kituta, hapo kisu kimepita. Mtu anayefanya hivyo simwiti fundi.

Upana sasa. Tairi lenu, 235/60R18, lina kipenyo cha milimita 739 hivi. La 255/60R18 lina 763, kwa sababu ile 60 ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kama asilimia ya upana, na ukiongeza upana bila kuibadilisha umeongeza na kimo. Hiyo ni tofauti ya asilimia 3 na ushei: spidomita ikionyesha 100, mnakwenda 103. Tairi linaweza kukwaruza ndani ya upinde wa gurudumu usukani ukikatwa hadi mwisho, hasa gari likiwa limejaa. Na kwenye maji mengi tairi pana huelea mapema kuliko jembamba la aina ileile, kwa kuwa lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni. Huo uimara anaousema muuzaji ni wa kulitazama gari likiwa limeegeshwa.

Kuhusu mawili ya mbele, mume wako ana nia nzuri, na nusu ya mafundi wangemuunga mkono. Mimi simo. Mkinunua mawili tu, mapya hufungwa nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. Tairi la mbele likiteleza kwenye maji, gari hugoma kukata kona na kwenda moja kwa moja. Dereva huachia mafuta kwa woga, mwendo unapungua, mshiko unarudi. La nyuma likiteleza, kitako cha gari hutoka, na dereva wa kawaida hana muda wa kukirudisha. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke hufanya kazi kwa kufunga breki za gurudumu mojamoja, na gurudumu linaloelea juu ya maji halina cha kushika.

Lakini gari lenu lina jambo jingine. Tairi jipya lina kashata ya milimita 8 hivi. Likiwa pamoja na lililobakiwa na 2, tofauti ya mzingo ni karibu milimita 38, maana yake lililolika huzunguka kama mara 7 zaidi katika kila kilomita moja. Kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote, tofauti hiyo hubebwa na difu ya kati au klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Inachemka kimyakimya, na bili yake huja baadaye ikiwa kubwa kuliko matairi yenyewe. Subaru, kwa mfano, wanataka mizingo ya matairi yote isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi. Someni kitabu cha gari lenu mjue kikomo chake, pimeni kashata za nyuma, na kama zimetoka nje ya kikomo, nunueni manne ya aina moja. Na jamani, magurudumu manne yanayovuta hulisaidia gari kuondoka. Halisimami mapema kwa sababu hiyo, wala halikati kona vizuri zaidi. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne.

Misimu yote, basi. Alama ya M+S (matope na theluji) mtengenezaji hujiwekea mwenyewe kwa kutazama umbo la mifereji, bila tairi kupimwa kwenye theluji. Ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo hutolewa baada ya jaribio dhidi ya tairi la kulinganishia. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, tairi lenye M+S pekee halihesabiki tena kuwa la baridi. Kwa kuwa mnapita penye theluji na watoto, chukueni la misimu yote lenye mlima. Msidanganyike na kashata kubwakubwa za matope, kwa sababu kwenye lami yenye maji huchelewa kusimama, na zina kelele. Kama tairi lina lebo ya Ulaya, yenye madaraja ya A hadi E, tazameni daraja la breki kwenye maji kabla ya kutazama la mafuta.

Ile 103 ni uwezo wa kubeba: kilo 875 kwa tairi. Mnaweza kupanda, kushuka hapana. Wauzaji hupenda kukupa 99 kwa kuwa saizi imefanana, na hiyo ni kilo 775, yaani mmepoteza kilo 100 kwa kila gurudumu kwenye gari la viti saba. H ni kasi, kilomita 210 kwa saa. Hamtaifikia, ila mpira uliojengwa kuihimili hiyo huvumilia joto vizuri zaidi.

Na joto ndilo linalonirudisha kwenye upepo, ambako uganga ni mwingi kuliko penginepo. Wapo wanaojaza kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Namba hiyo ni kikomo cha tairi. Kiasi cha gari lenu kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa matairi yakiwa baridi. Wapo wanaopunguza upepo "ili gari liwe laini", na hawa ndio wanaoniogopesha. Agosti 2000, Firestone waliita sokoni matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, SUV ya familia kama yenu. Kashata zilikuwa zinabanduka kwenye mwendo kasi na magari yanapinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo huko Marekani vilizidi 200. Kampuni hizo mbili zilitupiana lawama, moja ikitaja kasoro za tairi, nyingine ikitaja gari na kiwango cha upepo kilichopendekezwa, psi 26. Kwa fundi, somo la joto ni lilelile: upepo mdogo, mzigo mwingi na mwendo mrefu huupika mpira. Sheria iliyofuata mwaka huohuo ndiyo iliyoleta taa ya upepo kwenye dashibodi za magari ya Marekani. Ila taa hiyo inaruhusiwa kungoja hadi upepo ushuke kwa asilimia 25, kwa hiyo kama kibandiko chenu kinasema psi 35, inaweza kuwaka mkiwa mmeshafika 26. Msiifanye geji. Nunueni geji.

Naitrojeni? Hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Pancha ya ubavuni haizibwi, na anayekwambia inazibwa anataka hela ya siku hiyo. Ya kwenye kashata huzibwa kwa kulitoa tairi kwenye rimu na kuweka kiraka chenye kizibo kutoka ndani, tundu likiwa halizidi milimita 6. Kamba inayosokomezwa kutoka nje ni ya kukufikisha kwa fundi, ingawa najua magari mengi yanazeeka nayo.

Kwa hiyo: manne, 235/60R18, uwezo 103 au zaidi, H, yenye mlima, ya aina moja na tarehe zinazokaribiana. Fanyeni alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo, maana inaweza kuwa ndiyo iliyokula ya mbele. Kabla hamjaondoka, mwambieni fundi aishushe spea naye asome tarehe yake. Watu wengi husahau kuwa ipo hadi siku ya pancha, na kama ya kwenu ina umri wa gari, iingizeni kwenye manunuzi hayohayo.